Kiwango cha Kuitika

Chuo chetu kilifungua mwaka wa masomo mwezi wa Julai kwa sababu mafundi walimaliza kupaka chokaa mwezi wa Juni. Sababu nyingine hakuna. Vyuo vingine vya ualimu vilifungua Januari kama watu wenye akili zao, lakini sisi wa Kihulu, kwenye kilima kinachotazama Ziwa Nyasa, mwendo wa saa tatu kutoka Lipingo kwa mtu asiye na mzigo, tulifunguliwa Julai 1970, na hakuna aliyekumbuka kutuhamishia Januari.

Mimi nilikuwa karani. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, taipureta moja, na kiti kilichopungua mguu nusu inchi. Mkuu wa chuo, Mwalimu Nazari, alitoka Kondoa. Alikuwa mpole, mswalihina, mnywaji wa chai ya rangi, na ziwa alilitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe dume wa jirani: zuri, lakini lisisogee. Alikuwa ameombwa arudi kwao mara mbili, mara mbili akajibu kwamba amepanda miembe kumi na minne chuoni na hawezi kuiacha kabla hajajua kama ni mitamu.

Mwaka ule wa kwanza tuliwaita vijana sitini. Walikuja kumi na tisa.

Mwezi wa Agosti alikuja Ndugu Frederick kutoka wizarani, Dar es Salaam, na mkoba, na kalamu ya wino mwekundu mfuko mmoja, wa bluu mfuko wa pili. Hakuwa mtu mbaya. Alikula ugali na usipa, dagaa wetu wa ziwani, bila kuuliza maswali, na baada ya kunawa akatufafanulia habari ya kiwango cha kuitika.

"Tazameni," alisema. "Kijana anaomba vyuo vitatu. Mara nyingine anaitwa na viwili. Anaenda kimoja. Kile anachoenda ndicho anachokipenda. Kwa hiyo sisi hatumwulizi mtu kama anakipenda chuo, maana akiulizwa atasema uongo. Tunahesabu miguu. Kuna chuo huko kaskazini kimeita themanini, wamefika sabini na wanane. Hicho kinapendwa. Ninyi mmeita sitini, wamefika kumi na tisa. Hiyo ni thelathini na mbili kwa mia."

"Thelathini na mbili si mbaya sana," alisema Mwalimu Nazari, kwa sauti ya mtu anayemtetea mtoto aliyeshika mkia.

"Mwakani ikiwa chini ya nusu, tunafunga. Majengo yatakuwa ghala la mahindi. Wanachuo watagawanywa vyuo vingine, Kigoma, Mwanza, popote penye nafasi."

Akatuachia fomu ya kuhesabia. Mbele ilikuwa na visanduku viwili tu, Walioitwa na Waliofika. Nyuma ilikuwa na maelekezo ya aya tisa, kwa herufi ndogo kama chawa. Gazeti lilikuwa linatufikia likiwa na umri wa wiki mbili, kwa hiyo nilizisoma zote tisa. Sijui mtu mwingine aliyewahi kufanya hivyo, hata yule aliyeziandika.

Katika wale kumi na tisa alikuwamo Perpetua Kapinga, Mmatengo wa milima ya Mbinga, mrefu, mwenye mdomo. Yeye ndiye aliyeumia kuliko wote kwa maneno ya Ndugu Frederick. Baba yake, Mzee Mansuetus, alimruhusu kusomea ualimu kwa sharti moja: binti yake havuki Songea. Kihulu ilikuwa upande wa huku, basi akakubali. Kigoma ni upande wa kule, tena kule sana. Chuo kikifungwa, Perpetua angerudi nyumbani na mwaka mmoja wa ualimu mkononi, kitu ambacho hakifundishi na hakiliki, akachimbe mashimo ya ngoro, yale ya kuzuia udongo wa shamba usiteremke mlimani, kama dada zake.

"Usiwe na wasiwasi," nilimwambia. "Mwakani watakuja."

"Nani atawaleta? Wewe?"

"Barua zangu."

"Barua zako, Justin, ndizo zilizowafukuza."

Nilikuwa mtu wa Mbaha, mtoto wa ziwani, na yeye wa mlimani, kwa hiyo tulikuwa na ruhusa ya kutaniana tangu enzi za babu zetu. Alisema watu wa ziwani tunanuka usipa hata tukiwa kanisani. Mimi nilisema watu wa mlimani wanaogopa maji hata yale ya kwenye ndoo. Mpaka hapo hakuna aliyeshinda.

Mwalimu Nazari hakukaa bure. Aliamini, kama Ndugu Frederick, kwamba tatizo letu ni kutopendwa, basi akaamua tupendwe. Akanunua mpira wa ngozi. Akapaka rangi mlango wa bwalo. Akaniagiza niandike barua ya mwito yenye mvuto, nami nikajituma: "Chuo kina hewa safi ya ziwa, mandhari ya kupendeza, na samaki kila siku isipokuwa siku ya maharage." Perpetua aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena.

"Huku kwetu," alisema, "hewa ya ziwa maana yake mbu. Mandhari ya ziwa maana yake mamba. Na ukisema samaki kila siku, mama mtu anaelewa kwamba mtoto wake hataona maharage mpaka amalize chuo."

"Nimeandika siku ya maharage."

"Moja!"

Tulituma barua sitini mwezi wa Mei 1971. Tulifungua Jumatatu tarehe tano Julai. Hadi Alhamisi walikuwa wamefika saba. Ndugu Frederick alikuwa ameandika kwamba atahesabu Jumatatu tarehe ishirini na sita.

Mwalimu Nazari aliacha kunywa chai. Alizunguka miembe yake, ambayo ilikuwa bado inafika gotini, na akarudi ofisini, akakaa, akasimama. Ndipo Perpetua akaingia na daftari la mazoezi.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, binti. Sema."

"Nimewauliza wenzangu wote kumi na wanane kwa nini walikuja mwaka jana. Nikawauliza na hawa saba."

"Wamesema wanapenda nini? Mpira?"

"Hakuna aliyetaja mpira. Mimi kwetu tuko wasichana sita. Tarsisi kwao wako tisa. Vitalia wazazi wake hawana kahawa, wanauza vyungu. Matilda ni mtoto wa mwalimu. Hawa saba wapya, watano wanatoka huku huku ziwani, wawili ni wa nyumba zenye watoto kama utitiri." Akafunga daftari. "Mkuu, Julai ni mavuno. Kahawa imeiva yote kwa mpigo. Inachumwa, inamenywa siku hiyo hiyo, inaoshwa, inaanikwa, inachaguliwa. Nyumba yenye kijana mmoja mwenye nguvu haiwezi kumtoa Julai. Hata mngemwita Peponi."

Mwalimu Nazari alilivuta daftari, akalifungua tena. Kondoa hakuna kahawa. Dar es Salaam ipo, lakini inakuja ikiwa imeshakaangwa.

"Kwa hiyo wanatupenda?" aliuliza.

"Mimi sijui kama wanatupenda," alisema Perpetua. "Ninachojua ni kwamba wanachuma."

"Na kahawa ikiisha?"

"Wanakuja. Mwaka jana mwezi wa Septemba walikuja watu kumi na wawili na masanduku yao. Karani akawarudisha, akasema nafasi zimefungwa."

Nilitazama mguu wa kiti changu. Ni kweli nilikuwa nimewarudisha. Mmoja wao alinipa ndizi ya njiani, nikaila.

"Basi twende tukawasaidie kuchuma," alisema Mwalimu Nazari, akasimama kama mtu aliyekwishavaa viatu. "Kujitolea! Wanachuo kumi na tisa, na Justin. Ishirini."

"Mkuu, mimi ni karani."

"Ishirini," alisema Mwalimu Nazari.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri, tukapanda mlima siku nzima, tukalala njiani katika shule moja, na Jumapili baada ya misa tulikuwa kwa Mzee Mansuetus. Nyumba yao ilikuwa kwenye mgongo wa kilima, kahawa ikizunguka kama ua, na chini yake mteremko mzima ulikuwa umetobolewa mashimo ya ngoro, safu kwa safu, hadi mtoni. Kahawa ilikuwa nyekundu kiasi kwamba matawi yameinama. Nilianza kuelewa.

Wamatengo wana baraza lao linaitwa sengu. Wanaume wa ukoo hula pamoja, kila mke akileta ugali na mboga yake, na baada ya kunawa ndipo mambo husemwa. Tulikula. Tukanawa. Mwalimu Nazari akasimama akatoa hotuba ya dakika arobaini kuhusu ujenzi wa taifa, ujinga, umaskini na maradhi. Ilikuwa hotuba nzuri. Wazee waliisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua ya mbali.

Alipokaa, Mzee Mansuetus aliuliza: "Mmekuja wangapi?"

"Ishirini, mzee."

"Mnachuma?"

"Tutachuma. Bila malipo. Tunajitolea."

Wazee wakatazamana. Mmoja wao, Mzee Wendelin Ndunguru, mwenye koti la zamani lililofungwa kwa kifungo kimoja, akasafisha koo.

"Mwalimu, bure inatutia mashaka," alisema. "Mtu akija kukulimia bure, kesho kutwa utasikia shamba ni lake."

"Si hivyo, mzee. Tunachotaka ni vijana walioitwa tu."

"Aa. Kwa hiyo si bure."

Kule nyuma, ambako wanawake walikuwa wanakusanya vyombo, Perpetua alimsemesha baba yake kwa Kimatengo, maneno matano au sita tu. Mzee Mansuetus akakuna kidevu.

"Binti yangu anauliza kwa nini isiwe ngokela," alisema.

Hapo baraza lilizinduka. Ngokela ni kusaidiana kazi kwa zamu: leo nakuja kwako na jembe langu, kesho unakuja kwangu na lako. Haina hotuba. Mkono uliokwenda lazima urudi, na usiporudi watu watakutazama kanisani mpaka uhame kiti.

"Tuhesabu," alisema Mzee Mansuetus. "Wako ishirini. Makundi mawili ya watu kumi. Kila kundi nyumba moja kwa siku. Mikono kumi kwa siku moja. Nyumba itarudishaje?"

"Mikono kumi siku moja," alisema Mzee Wendelin.

"Hatuna mikono kumi. Ndiyo sababu tunahangaika."

"Basi mkono mmoja siku kumi."

"Mkono mmoja siku kumi," alirudia Mzee Mansuetus. "Mwalimu, mna shamba huko?"

"Mihogo. Eka tatu. Ni la Elimu ya Kujitegemea."

"Basi kila nyumba mtakayoichumia itatoa mtu mmoja, aende kwenu na jembe lake kwa siku kumi. Tukianza kesho, mtamaliza lini?"

Mwalimu Nazari alihesabu kwa vidole. Siku kumi na mbili za kazi, nyumba ishirini na nne za vijana walioitwa. Jumamosi tarehe ishirini na nne. Jumapili kushuka. Jumatatu Ndugu Frederick.

"Wakija, watajiandikisha," alisema polepole, "kwa sababu wameitwa. Siku kumi zikiisha, anayetaka kurudi arudi. Simfungi mtu kamba."

"Nani kasema kamba?" alisema Mzee Mansuetus. "Mimi binti yangu havuki Songea. Kwa hiyo chuo kisifungwe. Kesho mwanzie kwa Wendelin, kahawa yake inaanguka."

Sitasimulia siku zote kumi na mbili. Zilifanana. Asubuhi baridi ya Mbinga inauma masikio, umande unalowanisha mashati, kikapu kimefungwa kiunoni. Mchana mgongo hauna mwenyewe. Perpetua alikuwa kiongozi wa kundi langu, na kila saa alikuja kuchungulia kikapu changu.

"Hii nini?"

"Kahawa."

"Hii ni mbichi. Na hii. Na hii ina mimba ya kijani. Justin, kwenu samaki mnavua na mayai yake?"

"Samaki hajifichi kwenye majani."

"Chuma nyekundu tu. Kama midomo ya wake wa maofisa."

Nilichuma nyekundu tu. Tarsisi alinipita vikapu viwili kila siku na kuniita Mheshimiwa. Mwalimu Nazari, ambaye angeweza kurudi, alibaki. Alipewa kazi ya kugeuza kahawa kwenye vichanja, na ifikapo siku ya tano alikuwa anawakemea watu wanaopita karibu wakitimua vumbi.

Kila nyumba tuliyomaliza, Perpetua aliandika daftarini jina la kijana aliyeitwa. Pankras, sawa. Bernadi, sawa. Fulgence, sawa, lakini mpaka misa ya Jumapili iishe. Kwa Zita mambo yaliharibika: tulichuma siku nzima, na jioni ndipo tukaambiwa kwamba Zita aliingia utawa tangu Mei. Hata hivyo nyumba haikukubali kubaki na mkono wa watu. Ilimtoa shangazi yake, Kunigunda, mama wa miaka hamsini, mwenye jembe zuri na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde.

Na kwa Mzee Wendelin, nyumba ya kwanza kabisa, mjukuu wake Benno ndiye aliyeitwa. Benno ndiye peke yake aliyejua kuituliza mashine yao ya kumenyea, chombo cha zamani kilichokuwa kinauma vidole vya kila mtu mwingine. Jumamosi ya mwisho Perpetua alikwenda kumkumbusha.

"Benno hawezi," alisema Mzee Wendelin. "Bado kuna wiki moja ya kumenya."

"Babu, tulikubaliana."

"Tulikubaliana mkono. Nani alisema Benno? Nitakuja mimi."

Perpetua alirudi kwangu akiwa amekunja daftari kama anataka kulikamua. Alikuwa ameshahesabu. Nyumba ishirini na nne, toa Zita, toa Benno: ishirini na wawili. Na wale saba: ishirini na tisa.

"Nusu ya sitini ni ngapi?" aliniuliza, kana kwamba huenda imebadilika.

Jumapili tulishuka ndani ya lori la kazi za barabara ambalo Mwalimu Nazari aliliomba mpaka dereva akaona haya. Watu arobaini na wanne na Mkuu, majembe ishirini na manne yakigongana, na Mama Kunigunda akiimba nyimbo za Bikira Maria kila kona yenye mteremko. Perpetua hakuimba. Alikaa juu ya tairi la akiba akilitazama ziwa linavyokuja, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu kuhusu mamba.

Jumatatu saa tatu, Ndugu Frederick alikuta watu wamepangwa uwanjani mbele ya bwalo. Alitazama majembe.

"Mwito wenu uliwaagiza waje na majembe?"

"Wamekuja nayo wenyewe," alisema Mwalimu Nazari, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Ndugu Frederick alionekana kuguswa. Wizarani walikuwa wameandika waraka baada ya waraka kuhusu elimu na jembe, na hapa kulikuwa na wanachuo wanaotoka nyumbani na jembe begani bila kuambiwa. Aliandika kitu kwa wino wa bluu. Kisha akachukua orodha ya sitini, iliyopangwa kwa jinsi maombi yalivyofika, akaanza kuita.

Wengi hawakuitika. Waliokuwapo waliitika kwa nguvu, nami niliweka alama. Kumi. Kumi na saba. Alipoita jina la Zita, Mama Kunigunda akajitokeza.

"Nipo kwa ajili yake."

"Mama, Zita atakuja?"

"Zita ameposwa na Yesu."

Ndugu Frederick alitafakari. "Basi hatakuja," alisema, akapiga mstari mwekundu. Mama Kunigunda akaridhika, akaenda jikoni kuona wanapika nini, na tangu saa hiyo mpishi wetu hakuwa tena na amani.

Ishirini na tano. Ishirini na nane. Jina la hamsini na tano lilikuwa Pankras, akaitika: ishirini na tisa. La hamsini na sita kimya.

"Benno Ndunguru."

"Nipo," alisema Mzee Wendelin.

Watu wawili watatu walicheka, wakaacha. Ndugu Frederick alishusha karatasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye Benno?"

"Benno ni mjukuu wangu."

Hapo nilisogea na fomu, nikaigeuza nyuma, nikaweka kidole kwenye aya ya nane. Ilisema kwamba mwanachuo mwenye udhuru, endapo mzazi au mlezi wake atafika chuoni ndani ya muda na kutoa taarifa kwamba anakuja, atahesabiwa amefika. Ndugu Frederick aliisoma mara mbili. Alionekana kama mtu aliyekutana na ndugu asiyemjua.

"Haya," alisema. "Mzee, umekuja kutoa taarifa ya mjukuu wako?"

"Hapana," alisema Mzee Wendelin. "Nimekuja kulima mihogo."

Perpetua alikuwa amesimama mstari wa pili, mikono nyuma. Niliona mabega yake yakishuka. Nilitaka kumkonyeza mzee, lakini alikuwa na jicho moja tu zima na halikuwa upande wangu.

"Hukuja kwa ajili ya Benno?"

"Nimekuja kwa ajili ya ngokela. Walinichumia kahawa, nami narudisha. Sipendi maneno mengi."

"Lakini Benno yuko wapi?"

"Anamenya kahawa."

"Akimaliza?"

"Atakuja hapa. Mimi nitarudi, yeye atakuja. Hatuwezi kuwa huku wote wawili, nani atamfungia mbuzi?"

"Basi hiyo ndiyo taarifa, mzee."

"Hilo ni jibu," alisema Mzee Wendelin. "Umeuliza."

Ndugu Frederick aliitazama aya ya nane. Akautazama mkoba wake. Akalitazama ziwa, ambalo siku hiyo lilikuwa limetulia na halina msaada wowote. Kisha, katika kisanduku cha Waliofika, akaandika thelathini kwa wino wa bluu, akapiga mstari chini yake.

"Hamsini kwa mia," alisema. "Mmepanda kutoka thelathini na mbili. Nilisema chini ya nusu. Hii si chini. Hongereni. Sasa mnaanza kupendwa."

Perpetua alikwenda nyuma ya bwalo. Nilipomfuata alikuwa ananawa uso kwenye pipa la maji, nawa, nawa, kama mtu aliyetoka shamba.

"Kwa hiyo mnapenda maji," nilisema.

"Kwenda zako," alisema, lakini bila nguvu.

Siku kumi zilipita. Mihogo haijawahi kupaliliwa namna ile, kabla wala baadaye. Siku ya kumi na moja asubuhi, watu tisa walichukua majembe yao, wakamshukuru Mwalimu Nazari, wakaondoka, Mama Kunigunda mbele akiimba. Yeye aliwasindikiza mpaka kwenye miembe na hakusema lolote kuhusu taifa. Kumi na watatu walibaki. Sikuwauliza kama wamekipenda chuo. Nilisikia Fulgence akimwambia Bernadi kwamba, kwa kuwa jembe limeshafika huku, kulibeba tena mlima ule ni ujinga.

Mzee Wendelin hakuwamo katika walioondoka wala waliobaki. Alisema siku ya mvua, siku ya kuitwa majina na Jumapili hazihesabiki, kwa hiyo bado anadaiwa siku tatu. Alikuwa akila bwalo na vijana, akinawa wa kwanza, na akimaliza kula alisubiri watu waseme mambo. Kwa kuwa hakuna aliyesema, alianza yeye. Wiki hiyo tulijua habari za nyumba zote za bonde lao. Benno alipofika na sanduku la bati na vidole vyote kumi, babu yake alimkabidhi jembe, kitanda na nafasi yake mezani, akapanda mlima.

Katika wale tisa, saba walirudi kabla ya Septemba kwisha, kahawa ikiwa ghalani. Wakaja na wengine kumi na mmoja ambao hatukuwahi kuwachumia, wenye barua zangu zilizochakaa mfukoni, ile ya hewa safi na mandhari. Sikumrudisha mtu. Tukawa hamsini na wanane, wawili wakilala chini. Lakini hesabu ilikuwa imefungwa Julai, kwa hiyo kwa wizara hao kumi na mmoja hawakuwapo.

Mwalimu Nazari aliandika barua, nami nikaichapa vizuri bila kosa. Alieleza habari yote ya kahawa, akaomba chuo kifungue Oktoba. Jibu lilikuja Desemba. Lilisema kwamba kwa kuwa kiwango cha kuitika cha Kihulu kimepanda kwa kasi kuliko cha chuo chochote nchini, wizara haioni sababu ya kubadilisha utaratibu ambao wananchi wameonyesha kuupenda. Lilituagiza pia tueleze, katika kurasa zisizozidi mbili, mbinu tulizotumia, ili vyuo vingine vijifunze.

"Tuandike nini?" niliuliza.

"Andika ukweli," alisema Mwalimu Nazari, akirudia chai yake.

Niliandika ukweli. Nasikia chuo kimoja cha nyanda kavu kilitafuta kahawa wiki nzima.

Perpetua alimaliza Juni 1972, akapangiwa shule ya msingi mwendo wa nusu saa kutoka kwa baba yake, mbali sana na Songea. Julai, wanachuo wengine na mimi tulipanda mlima kama kawaida, maana sasa ilikuwa kawaida. Siku ya tatu, baada ya saa za shule, alikuja shambani na chaki kwenye kiganja, akasimama nyuma yangu. Hakunisalimu. Aliingiza mkono kikapuni mwangu, akapekua, akatoa punje mbili za kijani, akaziweka juu ya kola ya shati langu, akaenda kuwatazama wengine.